Taa ya usiku ya kuchomeka: namna ya kuchagua ya bei nafuu isiyokula stima, kwa nyumba za Mombasa

Nyumba nyingi za Mombasa hazilali gizani kabisa. Balbu ya ukumbini inaachwa hadi alfajiri kwa ajili ya watoto, ya uani inaachwa kwa sababu choo kiko huko, na kwenye fleti utakuta mlango wa choo umeachwa nusu wazi ili mwanga upenye hadi chumbani. Yote hayo ni kazi ya taa ya usiku inayofanywa na taa isiyotengenezwa kwa kazi hiyo. Taa ndogo ya LED ya kuchomeka moja kwa moja kwenye soketi inaifanya kwa senti tu. Taabu inaanza dukani: kuna za umbo la uyoga, za mwezi, za paka, zenye rimoti na rangi kumi na sita, na kila boksi limeandikwa kwamba linaokoa umeme.

Niseme msimamo wangu mapema. Ukishashuka chini ya wati moja, acha kulinganisha wati. Tofauti ya gharama kati ya taa ya nusu wati na ya wati moja, kwa mwezi mzima, haifiki bei ya hamri moja. Macho yako yaelekeze kwenye plagi, rangi ya mwanga na mahali utakapoiweka. Hapo ndipo taa ya shilingi 200 inapoachana na taa ya shilingi 200.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya tokeni

Stima tunainunua kwa uniti, na uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Usiku wetu haubadiliki sana mwaka mzima. Tuko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo jioni, na linachomoza kwenye saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hivyo taa inayowaka tangu magharibi hadi asubuhi itawaka takriban saa 12, iwe Januari au Julai. Zidisha wati za taa kwa 12, kisha kwa siku 30, kisha gawa kwa 1,000. Jibu ni uniti za mwezi.

Bei ya uniti hupanda na kushuka kwa sababu juu ya bei ya msingi kuna gharama ya mafuta, mabadiliko ya fedha za kigeni, tozo na VAT. Nitatumia shilingi 30 ili hesabu iwe nyepesi. Kupata bei yako halisi, fungua ujumbe wa tokeni uliotumiwa mara ya mwisho, ugawe pesa ulizolipa kwa uniti ulizopewa.

Balbu ndogo ya rangi ya mtindo wa zamani, ile yenye waya ndani unaopata moto, ikiwa ni ya wati 15 itakula uniti 5.4 kwa mwezi, yaani shilingi 162. Balbu ya LED ya kawaida ya chumba, wati 9, ikiachwa usiku kucha ni uniti 3.24, kama shilingi 97. Taa ya usiku ya LED ya wati 1 ni uniti 0.36, kama shilingi 11. Ya nusu wati ni uniti 0.18, shilingi tano na senti arubaini.

Kule India zile balbu ndogo za rangi huuzwa kwa jina la ziro wati, na jina hilo limewahadaa wengi. Hakuna balbu inayowaka kwa wati sifuri, na hizo hula kati ya wati 10 na 15. Ukimkuta mwuzaji anakusifia moja kwamba haisomi kwenye mita, mwache aendelee kusifu, wewe endelea na safari.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa nyumba ndogo wanafaa kulijua. Kenya Power huwapanga wateja wa nyumbani kwa makundi ya matumizi: hadi uniti 30 kwa mwezi, kati ya 31 na 100, na zaidi ya 100. Bei ya msingi ya uniti hupanda unapovuka kundi. Mtu anayeishi chumba kimoja Majengo au Likoni, mwenye feni, televisheni ndogo na simu ya kuchaji, anaweza kuwa anazungukia uniti 27 au 28. Balbu moja ya wati 15 inayolala ikiwaka inatosha kumvusha mpaka, na hapo halipii uniti tano zilizozidi tu, bali bei ya uniti yenyewe imebadilika. Taa ya nusu wati haiwezi kumfanyia hivyo.

Na kwa wale wanaoishi nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na mita moja, ambako tokeni ni za kuchanga na kila mwezi kuna anayenyooshewa kidole: taa sita za nusu wati, moja kila chumba, zikiwaka usiku kucha hula uniti 1.08 kwa mwezi. Hiyo ni theluthi moja ya ile balbu moja ya wati 9 inayowaka ukumbini. Ugomvi wa tokeni ukianza tena, taja hizo namba.

Ukitaka kuhakikisha balbu unayoishuku inakula kiasi gani, mita yako ina kitaa chekundu kinachopepesa, na usoni pake imeandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti, kwa mfano 1000 imp/kWh. Zima kila kitu, chomoa friji kwa muda, washa balbu hiyo peke yake. Kwa mita ya 1000, balbu ya wati 15 itapepesa mara moja kila dakika 4, na ya wati 9 kila dakika 6 na sekunde 40. Taa ya nusu wati ingehitaji saa mbili kupepesa mara moja, kwa hivyo usikae ukiingojea. Kama mita iko juu ya nguzo na ndani una kile kidude cha kuingizia tokeni tu, jaribio hili huliwezi. Soma wati zilizoandikwa kwenye balbu.

Hatua ya pili: tembea nyumbani mwako gizani

Kabla hujanunua chochote, usiku mmoja zima taa zote, ngoja dakika chache macho yazoee, kisha tembea njia ambayo watu wa nyumbani hupita: kitandani hadi chooni, chumba cha watoto hadi chako, jikoni hadi mlangoni. Utaona mwenyewe mahali unaponyoosha mkono kutafuta ukuta. Hapo ndipo panapohitaji taa. Kwa kawaida ni sehemu mbili, mara chache tatu. Watu hununua pakiti ya taa sita kwa sababu bei ya jumla inavutia, kisha nne zinaishia kwenye droo.

Halafu angalia soketi. Hili ndilo linaloamua mengi kwenye nyumba zetu, maana vyumba vingi vya kupangisha vina soketi moja, na hiyo moja inagombaniwa na feni, simu na kile kidude cha dawa ya mbu. Kama hali ni hiyo, usitafute taa ya kuchomeka ya kawaida. Tafuta ya USB, ile ndogo kama kidole, inayoingia kwenye tundu la USB la ekstensheni au kwenye kichwa cha chaja ya simu. Inatumia volti 5, ni rahisi sana, na kichwa cha chaja kikiwa kizuri hakuna umeme mkali unaofika kwenye taa yenyewe. Kwa chumba cha soketi moja, mimi naiona ndiyo chaguo la kwanza.

Bafuni na chooni hakufai kuwa na soketi, na kama ipo, usiitumie. Weka taa kwenye soketi ya nje ya mlango wa choo. Kwa choo cha uani, taa ya kuchomeka inakaa ndani, karibu na mlango wa uani, na uani kwenyewe weka taa ya sola au ya nje iliyokusudiwa mvua. Taa ya ndani ikipigwa na mvua ya masika, utaipata imekufa, na hiyo ndiyo afadhali ya yanayoweza kutokea.

Hatua ya tatu: swichi, sensa ya mwanga, au sensa ya mwendo

Ya swichi unaiwasha na kuizima mwenyewe. Soketi zetu nyingi zina swichi ukutani, kwa hivyo hata taa isiyo na swichi yake inaweza kutumika hivyo. Haina la kuharibika zaidi ya taa yenyewe.

Ya sensa ya mwanga inawaka giza likiingia na kuzima kukicha. Ndiyo ninayoipendekeza kwa familia nyingi, kwa sababu watoto hawazimi taa na wakubwa husahau kuziwasha. Ila ina tabia zake. Kwenye nyumba za mawe za Mji wa Kale, zenye kuta nene na ngazi za mwinuko mkali, ndani kuna giza hata saa sita mchana. Sensa haitaona asubuhi, na taa itawaka mchana na usiku. Si hasara kubwa, ni kama shilingi tano zaidi kwa mwezi kwa taa ya nusu wati, lakini maisha ya taa yanakatika nusu. Kwa ngazi kama hizo nunua ya swichi. Na usidhani mwanga wa taa ya barabarani hauwezi kuidanganya sensa: soketi iliyo mkabala na dirisha linalopokea taa ya mtaa inaweza kuifanya taa yako isiwake kabisa.

Ya sensa ya mwendo ndiyo inayouzwa kwa maneno matamu zaidi, kwamba inaokoa umeme kwa sababu inawaka ukipita tu. Pima maneno hayo. Sensa yenyewe haizimi. Inangoja mchana na usiku. Ikiwa inakula robo ya wati katika kungoja, kwa saa 24 na siku 30 imeshafika uniti 0.18, sawasawa na taa ya nusu wati inayowaka saa 12 kila usiku. Umelipa bei kubwa zaidi dukani na hujaokoa kitu.

Tena kuna suala la joto letu. Sensa hizi za mwendo hazioni mtu. Zinahisi tofauti ya joto kati ya mwili na vitu vilivyo nyuma yake. Ngozi ya mtu ina joto la nyuzi 33 hivi. Kwenye chumba cha nyuzi 22 mtu anajitokeza waziwazi. Usiku wa Februari au Machi, ukuta uliokaangwa na jua mchana kutwa bado una moto na hewa imesimama, tofauti hiyo inakuwa ndogo, na taa inachelewa kukuona mpaka umekaribia sana. Paka naye anaweza kuiwasha, na Mombasa paka hawana saa ya kulala. Taa ya mwendo ina faida yake kwenye kabati, stoo, au ukumbi ambao mtu hupita mara moja tu usiku. Kwa njia ya choo ya mtu mzee, siitaki: mzee anahitaji kuona njia kabla hajanyanyuka kitandani, si baada ya kupiga hatua tatu gizani.

Hatua ya nne: rangi na ukali wa mwanga

Kwenye boksi utaona maandishi kama "warm white" au "daylight", au namba yenye herufi K. Ya 2700K au chini yake ni ya njano, karibu na mwanga wa mshumaa. Ya 6500K ni nyeupe yenye ubuluu. Kwa chumba cha kulala chukua ya njano, ya chungwa, au nyekundu. Sababu iko ndani ya jicho: kuna chembe zinazohisi mwanga wa buluu na kuuarifu mwili kwamba kumekucha, na mwili unapunguza melatonini, homoni inayoambatana na usingizi. Mwanga mwekundu na wa chungwa unazigusa chembe hizo kidogo sana. Mama anayenyonyesha saa nane za usiku, au nyumba inayoamka kula daku na kisha kutaka kurudi kulala, watauona upesi utofauti huo.

Faida ya pili ya rangi ya njano ni wadudu. Wengi wao huvutiwa zaidi na mwanga wenye ubuluu. Msimu wa mvua, taa nyeupe iliyo karibu na dirisha lisilo na wavu ni mwaliko kwa kumbikumbi, na wakija kumbikumbi wanafuata mijusi.

Zile taa za rangi kumi na sita zenye rimoti, ninaziepuka kwenye nyumba yenye watoto wadogo, na sababu si rangi. Rimoti zake hutumia betri bapa ya duara, kama kifungo. Mtoto akiimeza inaweza kukwama kooni na kuunguza nyama kwa muda wa saa chache, na watoto wamekufa kwa hilo. Kama tayari unayo, hakikisha kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu. Vilevile, taa yenye umbo la mwanasesere iliyo kwenye soketi ya chini inamwita mtoto aende kuichezea. Chagua iliyo bapa, isiyo na sura.

Kuhusu ukali, kipimo chake ni lumeni, na mshumaa mmoja hutoa lumeni kama 12. Kwa chumba cha kulala, lumeni 5 hadi 15 zinatosha kabisa. Ukumbini na kwenye ngazi nenda 20 hadi 40. Kwa wazee ongeza: jicho la mtu wa miaka 60 hupokea ndani takriban theluthi moja ya mwanga unaopokewa na jicho la kijana wa miaka 20, kwa hivyo taa inayokutosha wewe huenda bibi haimsaidii. Mwulize yeye. Taa zenye viwango viwili vya ukali hazizidi bei sana, na ukiipata iliyo nzuri, ichukue.

Hatua ya tano: plagi, na hapa usiwe na haraka

Soketi za Kenya ni za pini tatu za mstatili, umeme ni volti 240 na mzunguko ni 50Hz. Geuza taa usome nyuma. Unataka kuona maandishi ya 220–240V na 50Hz, na idadi ya wati. Ukiona 120V na 60Hz pekee, hiyo ni ya Marekani, na ukiichomeka hapa hata kwa adapta itaungua, pengine kwa moshi. Adapta za kawaida hubadili umbo la pini tu, hazipunguzi volti.

Ndugu aliye Dubai au Maskati akikuletea taa, mara nyingi itaingia bila shida, kwa sababu kule wanatumia plagi kama yetu na volti zinalingana. Ya kutoka India itakuwa na volti sawa lakini pini za duara. Ya China yenye pini mbili bapa nayo kwa kawaida ni ya 220V, ila umbo halikubali.

Hapo ndipo inapokuja ile tabia mbaya ya kuchomeka pini mbili za duara kwenye soketi ya tatu kwa kulitomasa tundu la juu na kalamu au kijiko. Tundu lile limewekwa hivyo makusudi: pini ya juu ndiyo inayofungua vifuniko vya matundu mawili ya chini, ili mtoto asiingize kitu. Ukilazimisha, pini za duara hazikai sawasawa, zinalegea, zinapata moto, na vifuniko vya soketi vinaharibika. Kijiko nacho ni chuma. Kwa taa ya usiku inayokaa hapo miezi na miezi, ni vibaya zaidi kuliko chaja ya dakika ishirini. Nunua yenye pini tatu tangu mwanzo.

Pini ya juu ikiwa ya plastiki, usihofu. Taa hizi zimefungwa plastiki pande zote na hazihitaji waya wa ethi. Alama yake ni mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Pini hiyo iko kwa kufungulia vifuniko tu. Lakini pini mbili za chini zitazame vizuri. Ziwe za chuma kizito, zimenyooka, na nusu yake ya upande wa taa iwe imevikwa plastiki nyeusi, ili kidole kikiingia kati taa ikiwa imechomoka kidogo kisiguse umeme. Pini nyembamba zinazochezacheza ukizishika, rudisha.

Tafuta pia alama ya KEBS, shirika la viwango. Bidhaa yenye alama ya SM ina namba ya kibali chini yake. Andika ujumbe wa simu SM#, ukifuatiwa na namba hiyo, utume kwa 20023, na utajibiwa ni ya kampuni gani. Jina la kampuni na bidhaa likitofautiana na lililo kwenye boksi, umeshajua. Bidhaa za kutoka nje zina stika ya aina yake ya KEBS. Stika inaweza kughushiwa, kwa hivyo isikuzuie kukagua pini.

Hatua ya sita: dukani

Ukizunguka maduka ya vifaa vya umeme mjini, pande za Digo Road na Mwembe Tayari, mpaka kwa wanaotandaza barabarani, bei zitatofautiana kwa kitu kilekile, na kupatana ni jambo la kawaida. Kwa taa moja ya kawaida mimi sivuki shilingi 500, na yenye sensa ya mwanga ninaitarajia karibu na nusu ya hiyo. Inayouzwa shilingi 50 inaniambia kwamba kuna kitu kimeachwa ndani.

Usinunue isiyojaribiwa. Wenye maduka wengi wana soketi mezani kwa kazi hiyo.

"Kaka, hebu nijaribie hii."

"Mama, hii ni original, haina shida."

"Naam, lakini nijaribie."

Iache ikae imechomekwa wakati unaangalia vitu vingine. Taa ya sensa haitawaka kwenye mwanga wa duka, kwa hivyo ziba sensa kwa kidole gumba. Inapaswa kuwaka ndani ya sekunde chache na kuzima ukiondoa kidole. Sikiliza kama inavuma. Inuse. Baada ya dakika tano ishike: vuguvugu ni sawa, moto si sawa. Halafu ielekezee kamera ya simu. Ukiona mistari myeusi inatembea kwenye kioo, taa inapepesa haraka kuliko macho yanavyoona. Wengine haiwasumbui, wengine huwaletea maumivu ya kichwa. Kwa chumba cha mtoto nachagua isiyo na mistari.

Ulizia ikizima baada ya wiki itakuwaje. Jibu la "ukitoka hapa ni yako" si tusi, ni taarifa, na inakufaa katika kupatana bei. Mwenye kukubali kubadilisha, mwombe risiti na uandike tarehe nyuma ya taa kwa kalamu ya wino mzito.

Boksi likikwambia taa itadumu saa 25,000, gawa kwa saa 4,380 za mwaka: karibu miaka sita. Vitaa vya LED vyenyewe huenda vikafika. Kinachokufa mapema ni vijisehemu vidogo vinavyopunguza umeme kabla haujafika kwenye LED, hasa mahali ambapo stima inapanda na kushuka. Ukipata miaka miwili ya taa ya shilingi 250, pesa yako imerudi.

Hatua ya saba: kuichomeka na kuizoea

Soketi ya chini ni bora kuliko ya juu, kwa kuwa mwanga unatakiwa sakafuni, si machoni. Isitazamane na mto. Kama soketi pekee iko kichwani mwa kitanda, taa inayoelekeza mwanga chini ndiyo ya kutafuta. Iweke mbali na pazia na chandarua. LED haipati moto wa kuunguza kama balbu za zamani, lakini kitambaa kinachopeperushwa na feni kitaifunika sensa, na taa itawaka na kuzima usiku kucha. Ukiona tabia hiyo ya kuwaka na kuzima, sababu mara nyingi ni kwamba mwanga wake wenyewe unagonga kitu kilicho karibu, kabati au ukuta mweupe, na kurudi kwenye sensa. Sogeza kitu hicho au badilisha soketi.

Plagi ikiwa inacheza ndani ya soketi, au unasikia mchakacho, kosa huenda si la taa. Soketi imelegea, na fundi aibadilishe. Usiijaze karatasi.

Kwa nyumba zilizo karibu na bahari, kuanzia Mji wa Kale hadi Nyali na Shelly, hewa ya chumvi inakula pini. Kila baada ya miezi michache zima soketi, chomoa taa, ipanguse pini kwa kitambaa kikavu. Ukiona ukijani au weusi wa kuungua, ibadilishe taa na umwite fundi aitazame soketi.

Na stima zikipotea? Taa ya kawaida ya kuchomeka inapotea nazo. Kuna zenye betri ndani, zinazochaji zikiwa ukutani na kuwaka zenyewe umeme ukikatika. Ni ghali zaidi, na betri huchoka kabla ya taa. Moja ukumbini inatosha nyumba nzima, wala usiweke ya betri kila chumba. Ijaribu kila mwezi kwa kuzima swichi ya soketi. Koroboi na mshumaa karibu na chandarua siwezi kukushauri, hata kwa usiku mmoja.

Taa ikifa, usiifungue kutafuta hitilafu. Nyingi za bei nafuu hazina kinachotenganisha umeme wa ukutani na vitaa vya ndani: ikiwa imechomekwa, waya wowote uliomo unaweza kuwa na volti 240, na hata baada ya kuchomolewa kapasita, kijisehemu kinachohifadhi umeme, inaweza kubaki na chaji kwa muda. Ichomoe na uifunge kwenye mfuko kabla ya kuitupa, watoto wasiiokote wakajaribu kuichomeka upya.